Sura ya Saba, na Jina la Mama

Utemini,
Singida.
9 Machi 2025.

Mpendwa kaka Hezekia,

Shikamoo. Hata nikiwa nimekununia, wewe bado ni mkubwa wangu, na marehemu baba yako, Baba Mkubwa, asingenisamehe kukuandikia bila salamu. Hujambo mwilini? Baridi ya huko Tampere imelegea, au bado unavaa soksi mbili mbili? Na unakula nini? Natumaini hushindi na chai na mkate kama ulivyokuwa unafanya chuoni, ukitudanganya kwamba umeshiba.

Mimi afya sijambo. Kazi zipo kidogo, umeme unakatika kama kawaida yake, na nyuki wamehamia kwenye dari ya jiko langu bila kuniuliza. Kijijini kwetu Mungaa mvua imewaendea vizuri mwaka huu na alizeti zimeanza kuchanua. Ningependa barua iendelee hivyo hivyo mpaka mwisho, lakini haitaendelea hivyo.

Nakuandikia juu ya kitabu chetu cha kujenga tovuti, maana ndilo jambo pekee ambalo bado unalijibu. Namba yako ya simu umeizima tangu Januari. Ujumbe wa ndugu huufungui. Lakini Bi. Yunisi, mhariri wetu wa Dar es Salaam, akikuuliza habari za mada unamjibu siku ileile. Basi na mimi nimeamua kupita mlango huo, kwa kuwa mwingine umeufunga.

Bi. Yunisi amenitumia majibu yako ya mwisho juu ya orodha ya mada. Umeomba mambo mawili. La kwanza, sura ya saba itolewe kabisa. La pili, kwenye ukurasa wa tabaruku paandikwe: "Kwa marehemu baba yangu Lazaro na marehemu mama yangu Theresia."

Kaka, mama yako hajafa.

Nimeliandika hivyo, kavu, ingawa najua kwetu hatusemi hivyo. Mama Mkubwa Theresia yuko hai. Yuko hapa kwangu Utemini, kwenye chumba cha mbele. Anaumwa moyo, miguu inavimba, na daktari ametuambia tusijidanganye kwamba atapona awe kama zamani. Lakini yuko hai, na anakutaka. Hilo ndilo ninalotaka uliamini, na yote yanayofuata nayaandika kwa ajili hiyo.

Siku niliyoiona ile tabaruku nilikuandikia barua pepe palepale. Ukanijibu: "Dada, usinibembeleze. Najua namna tunavyosema kwetu." Nikakutumia picha yake. Ukajibu kwamba kanga ile unaijua, picha ni ya zamani. Kanga unaijua kwa sababu anazo mbili tu anazozipenda na nyingine zote amezifungia sandukuni. Tangu hapo hata mimi hunijibu. Nilikaa nikalia kwa hasira, kaka, kwa sababu kila neno ninaloweza kukuambia tayari limekwisha kutumika kwa kazi nyingine.

Kwa hiyo acha nianze na mada, kama ulivyozoea, tufike polepole.

Bi. Yunisi anataka orodha kamili mwisho wa mwezi huu. Anakubali kwamba kitabu ni cha watu wanaoijua tayari fremuweki yetu, ile zana ya kujengea tovuti, waliokwisha kujenga tovuti kadhaa na sasa wamekwama, na kwamba kila sura iwe pishi moja: tatizo, namna ya kulitatua, na kwa nini. Anataka tuongeze mada ya akili mnemba, eti bila hiyo kitabu hakitauzika. Nimemwambia sisi wawili hatujawahi kujenga kitu cha namna hiyo kikafanya kazi hata wiki moja. Akasema wengi wanaoandika juu yake nao hawajajenga. Nilicheka, lakini nimekataa.

Sura ya utafutaji wa Kiswahili imebaki, ile ya mtu anayetafuta "mkulima" na tovuti inashindwa kumpa "wakulima". Nimeiandika upya kwa mfano wa lile duka la mbegu tulilolihudumia. Ya kuhamisha hifadhidata bila kuzima tovuti imebaki. Ya kupakia faili kubwa kwenye mtandao dhaifu nimeiweka mwanzo kabisa, kwa sababu ndiyo inayowatesa wengi. Ya kashe, ya kuweka nakala karibu ili tovuti ifunguke haraka, nimeipunguza, maana uliiandika kwa mbwembwe mno na msomaji angelala katikati.

Unakumbuka kanuni tuliyotumia kuchagua? Uliitunga wewe, tukiwa tumekaa kwenye yale mawe makubwa nyuma ya nyumba ya Mungaa, mahali pekee simu iliposhika mtandao. Ulisema hakuna mada inayoingia kitabuni kama haijamuuma mmoja wetu. Tuache kunakili vya watu, tuandike vilivyotuuma. Kwa kanuni hiyo tulifuta nusu ya orodha, na nilikupenda sana siku ile kwa ukweli wako.

Sasa sura ya saba. Bi. Yunisi ameniuliza kwa nini unataka itoke, wakati ni nzuri kuliko zote. Kwenye simu nilimwambia nitamwandikia. Baadaye nilimweleza yote kwa maandishi, na nitakueleza na wewe kama nilivyomweleza, ili ujue nimesema nini juu yako.

Nilimwambia kwamba ukoo wetu una chama cha kuzikana, na kwamba wewe na mimi tulikijengea mfumo wa kutuma matangazo. Mtu akifariki, Shangazi Marietha, dada wa baba zetu ambaye ndiye katibu, anaingiza jina, na ujumbe unakwenda kwa wanachama wote. Wazee walikuwa na sharti moja tu. Walisema mtoto hapewi habari ya kifo cha mzazi wake kwenye simu, akiwa barabarani au kazini, peke yake. Mtoto huambiwa mgonjwa amezidiwa, unaombwa nyumbani. Akifika na kuona watu uani, atajua mwenyewe, na atakuwa na mikono ya kumshika. Ndivyo tulivyolelewa, na sikuona ubaya wake. Mimi mwenyewe habari za baba yangu niliambiwa hivyo.

Ukaandika msimbo wa kompyuta unaoangalia nani ni nani kwa marehemu. Binamu na majirani wanapata "amefariki". Mtoto, mke au mume anapata "amezidiwa, unaombwa nyumbani". Tangazo moja, maneno tofauti kwa kila msomaji. Wazee walikushukuru. Shangazi alisema kompyuta hatimaye imefundishwa adabu. Ukasema hiyo ndiyo itakuwa sura ya saba, na kwamba hakuna kitabu cha ughaibuni kitakachokuwa na pishi kama hilo.

Halafu Novemba Baba Mkubwa akazidiwa kweli.

Shangazi akaingiza kwamba mgonjwa amezidiwa, na mfumo ukakutumia maneno yaleyale uliyoyaandika wewe kwa ajili ya msiba. Ukajibu: "Nimepata. Nakuja." Hukuuliza chochote. Najua kwa nini. Kwetu hakuna anayeuliza, maana ukiuliza unamlazimisha mwenzako ama akudanganye ama aseme. Ukaamini baba amekwisha kufa, ukaona mazishi hutayawahi, ukatafuta ndege ya wiki iliyofuata, ukazima simu ukaomboleza peke yako. Sisi huku tukajua uko njiani.

Kuna kitu sijakuambia. Baba Mkubwa alikuwa na akili zake mpaka siku ya mwisho. Tulimwambia Hezekia anakuja. Kila pikipiki ikisimama nje alikuwa anauliza kama ni wewe. Hakukulaumu hata mara moja. Alifikiri ndege zimechelewa, na alitukataza tusikupigie simu tukakusumbua safarini. Nilisita sana kukuandikia hili. Naliandika kwa sababu nadhani unaamini alikufa akiona umemtupa, na si kweli.

Ulipofika na kusoma tarehe kwenye msalaba, ukaona alikuwa bado hai ulipopata ule ujumbe, nilikuwa nyuma yako. Niliona bega lako likishuka. Hukusema neno, wala sisi hatukusema, na huenda hapo ndipo tulipokukosea sote, kwa ule ukimya wetu wa heshima. Ulikula ugali wa msiba, ukawasalimia wazee mmoja mmoja, ukaondoka.

Kabla ya kuondoka ukaurekebisha mfumo. Mimi nilikusaidia kuujaribu. Uliweka kitufe kipya cha ugonjwa chenye maneno yake mwenyewe: "amelazwa", jina la wodi, na namba ya mtu anayemuuguza. Yale maneno ya zamani ukayaacha kwa msiba peke yake. Wazee wakakubali, na wewe ukapumua. Kuanzia siku hiyo, kwako wewe, "amezidiwa, unaombwa nyumbani" ilikuwa na maana moja tu duniani.

Januari Mama Mkubwa alianguka jikoni Mungaa. Tulimleta mjini hali yake mbaya, na mimi nilikuwa nahangaika na dawa na damu. Shangazi Marietha hakugusa mfumo. Kile kitufe kipya hakipendi, anasema "amelazwa" ni neno la kumwambia bosi, si la kumwambia mtoto juu ya mama yake. Akachukua simu yake mwenyewe akakuandikia kwa kidole chake, kwa upendo, maneno aliyoyajua tangu utoto wake: "Mwanangu, mama yako amezidiwa, unaombwa nyumbani."

Ukazima namba.

Tulikungoja, kaka. Shangazi alisema moyo wako umekuwa mgumu kama mawe ya Mungaa. Wengine walisema umekula hela za wazungu umesahau kwenu. Mimi niliwakatalia hadharani, lakini faraghani nilikutukana kwa matusi ambayo Mama Mkubwa angenichapa kwayo. Mama Mkubwa alikuwa akigeukia ukutani kila jina lako likitajwa. Nilidhani ana hasira. Sasa najua alikuwa na aibu, aibu ya mzazi ambaye mwanawe hakuja.

Ndipo Bi. Yunisi akanitumia ule ukurasa wa tabaruku, akiniuliza kama majina yameandikwa sawasawa. Nilisoma "marehemu mama yangu Theresia" huku Mama Mkubwa mwenyewe akiniita kutoka chumba cha mbele nimpelekee maji. Niliusoma tena tangu mwanzo. Aliniita mara ya pili, akauliza kama nimekuwa kiziwi.

Kwa hiyo hukuwa na moyo mgumu. Ulikuwa unamwomboleza mama yako huko, peke yako, kwa mara ya pili, na safari hii ukaona huwezi kuja kusoma msalaba mwingine. Nimekuelewa. Nimekuonea huruma mpaka nimechoka. Hata Shangazi nilipomweleza alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akasema: "Nimemuua mwanangu na mama yake wote wawili wakiwa hai." Ameacha ukatibu. Matangazo ya ukoo sasa anayetuma ni mimi, na kila moja nalisoma mara tatu kabla ya kubonyeza.

Nilifikiri sana nikuambieje. Ningesema "mzima", hilo ndilo neno tunalowaambia wasafiri ili wasife kwa presha njiani. Ningesema "anakuita", ni lilelile. Ningesema "njoo umwone", hata wafu tunawaona kabla ya kuwafunika. Nimejenga mifumo miaka yote hii na nimekosa sentensi moja ya kumwambia mtu kwamba mama yake anapumua.

Ndiyo maana barua hii haiji kwa posta wala kwa mtandao. Anaileta Moses, mtoto wa mwalimu Anyesi wa Kiomboi, anayekuja huko kusoma. Humfahamu, na ni heri, maana hana sababu ya kukubembeleza. Amekula hapa kwangu Jumapili hii. Nimemketisha karibu na Mama Mkubwa nikamwambia amtazame vizuri, amguse mkono, wazungumze. Mama Mkubwa alimhoji ukoo wake mpaka kwa babu wa babu, akamsuta kwa kutojua kuchinja kuku. Muulize chochote. Muulize alikuwa amevaa nini, alikohoa mara nyingi au kidogo, alicheka au hakucheka. Nimemwagiza akujibu kama alivyoona, hata ukiona hana adabu. Tumezoea habari nzito kuletwa na mtu kwa miguu yake. Nami nimemtuma mtu, ila habari aliyobeba ni nyingine.

Sitakuficha hali yake. Hapandi tena kitanda bila kushikwa. Usiku analala amekaa, akiegemea mito. Uji anakunywa, nyama ameikataa. Kuna siku anaongea asubuhi mpaka mchana, na kuna siku hataki hata redio. Daktari hakutupa muda, na mimi sikumuuliza, nami ni mtoto wa hukohuko. Lakini ukiniuliza wewe, nitakwambia usingoje ndege ya wiki inayofuata.

Juu ya sura ya saba, nimemwomba Bi. Yunisi asiitoe mpaka nisikie kutoka kwako. Mimi naona ibaki. Sisemi hivyo kwa sababu ni nzuri. Kwa kanuni yako mwenyewe ya kuchagua mada, hiyo ndiyo ya kwanza kuingia, na kama tukiitoa basi yote yaliyobaki ni mapambo. Lakini haiwezi kubaki kama ulivyoiandika. Msimbo haukuwa na kosa hata moja, nimeupitia tena mstari kwa mstari, na majaribio yote yanapita. Msomaji ajue kwamba majaribio yote yalipita. Sehemu ya "kwa nini" lazima uiandike wewe. Mimi siwezi, na ukikataa nitaiacha ukurasa mtupu wenye namba yake, Bi. Yunisi apige kelele apendavyo.

Ama jina lako, umeomba litolewe kwenye jalada. Hilo nimelikataa bila kukuuliza. Nichukie.

Shangazi Marietha anakusalimu na anakuomba umsamehe. Nimemwambia hilo mtamalizana wenyewe, uso kwa uso. Baba mdogo Mughwai anakusalimu, ameanza kuota mvi akasema ni vumbi. Jesca wangu anakuamkia, amepanda darasa na anataka kujua kama ni kweli huko jua halizami. Jirani yenu Idrissa wa Mungaa anakusalimu pia na anakuombea dua kila Ijumaa. Mbuzi wenu anawachunga pamoja na wake.

Mungu wa wazazi wetu akushike mkono huko uliko, akuondolee huo uzito, akulete nyumbani mapema, uwakute watu unaowataka wakiwa bado wanaweza kukukaripia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokusema,

Anastazia.

Kaka, nilikuwa nimeshafunga barua. Nilimsomea Mama Mkubwa yote, pamoja na ile tabaruku. Nilidhani atalia. Alidai kalamu. Nikamwambia aandike "njoo" tu, asijichoshe. Akasema neno hilo limeshaharibika. Haya hapa chini ni maandishi yake, mwandiko unaujua.

*Hezekia. Mimi ni mama yako. Nimesikia umenizika kwenye kitabu. Lile koti la kahawia nililokununulia Singida ulipofaulu, nililokuwa nakutunzia sandukuni, nimempa Idrissa alipokuja kunitazama. Mtu aliyemzika mama yake hamwombi koti. Na linamkaa vizuri kuliko lilivyokukaa wewe. Ukilitaka uje umvue mwenyewe, mimi niwe nimekaa hapa natazama. Theresia.*